Ukoo wa Chuma wa Wifi Yangu

Wifi yangu alipokuja nyumbani kwetu Darsait, hapa Maskati, mara ya kwanza, hakuja na halwa wala boksi la tende kama wageni wengine. Alikuja na kitabu. Kitabu chenyewe kizito kama tofali, jalada la ngozi, na juu yake nembo ya dhahabu: nyundo mbili zimepishana, na taji juu ya nyundo. Alikiweka mezani katikati ya sahani za sambusa, akafuta vidole kwa leso, akakifungua. Mimi nikasogeza sambusa.

Nitasema mapema nisije nikaonekana najificha: nilimwonea wivu. Si wivu wa sura, ingawa sura anayo. Wala si wa ile nyumba yao ya Bustan yenye dirisha linalotazama bahari, na mimi nakaa ghorofa ya pili juu ya duka la fundi cherehani. Nilimwonea wivu kwa ukoo wake. Mtu mzima mwenye akili zake, mwalimu wa Kiingereza mstaafu, nikakaa sebuleni kwangu nikaumwa na roho kwa sababu ya watu waliokufa zamani katika nchi ya theluji.

Mdogo wangu wa kiume alimwoa huko huko Sweden, alikokwenda kusomea uhandisi, kisha akamleta Maskati. Kila Ijumaa baada ya sala wanakuja kwetu kula. Mdogo wangu akishakula hulala kwenye kochi, mdomo wazi, mpaka Alasiri. Ninabaki mimi, wifi na baba. Wifi anazungumza Kiingereza. Baba anazungumza Kiswahili na Kiarabu, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo kazi ya kufasiri ikawa yangu, na hakuna aliyeniuliza kama ninaitaka.

Kwenye ukuta wa sebule yetu, juu ya kiti cha baba, imetundikwa shajara ya ukoo, mti wa nasaba yetu. Binamu mmoja aliiandika kwa Kiarabu, kwa wino mweusi, matawi yakipanda mpaka kwenye kabila lenyewe huko bara ya Oman. Ni ya wanaume watupu. Mdogo wangu yumo, jani dogo upande wa kulia, amezungushiwa duara. Mimi simo, na binti yangu hayumo, na mama aliyetuzaa sote hayumo. Na kuna jambo jingine. Babu yake baba yumo, lakini ni jina tu. Wengine wana neno moja chini ya jina, huyu kadhi, huyu msafiri, huyu alikufa Hija. Yeye hana kitu.

Tangu nikiwa mtoto nilimuuliza baba habari za babu yake. Jawabu lilikuwa lile lile. "Mtu wa shamba, mwanangu. Alikuwa na karafuu zake Unguja." Karafuu zenyewe mashina mangapi, shamba lenyewe upande gani, hakusema. Nikikazana, anaomba maji. Baba yangu ana miaka themanini na kitu, na mwenyewe hajui hicho kitu ni ngapi. Ni mimi ninayemfulia, ninayezijua dawa zake kwa rangi, ninayejua kwamba chai akiikuta na hiliki nyingi hanywi lakini hasemi. Tangu nilipoachika, miaka kumi na moja sasa, tumekuwa wawili katika nyumba ile. Nilichokuwa nakitaka kwake ni kimoja tu: aniambie habari za babu yake kabla hajaondoka nazo. Niliona ni haki yangu. Bado naona hivyo.

Basi Ijumaa ya kwanza wifi akafungua kitabu, nami nikafasiri kama nilivyofunzwa, neno kwa neno.

Watu wake, alisema, asili yao si Sweden. Ni Wawaloni, watu wa kusini mwa Ubelgiji wasemao Kifaransa, nchi ya mito na makaa ya mawe. Huko ndiko walikojulikana kwa chuma. Zikaja vita vya dini, wakakimbia na imani yao kwenda Uholanzi. Kutoka hapo mmoja wao, mfanyabiashara mwenye macho makali, akasikia kwamba kaskazini kuna mlima wa madini mazuri na msitu usiokwisha wa kuchoma makaa. Akakodi viwanda vya mfalme wa Sweden. Kisha akawaita Wawaloni wenzake wanaojua kazi, wakaja kwa merikebu na wake zao na watoto na vyombo vyao, akawajengea vijiji vizima: nyumba zimepangwa mstari mmoja, kanisa, shule, tabibu. Akafua mizinga. Wafalme walikuwa wakipigana kila kukicha, na mizinga yote ikitoka kwake. Mfalme akamtia katika watu wa daraja la juu, akampa nembo, na wanawe wakaoa mabinti wa mabwana wakubwa.

"Mashaallah," alisema baba. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti. "Muulize, na hicho chuma kilikuwa na alama?"

Nikauliza. Wifi akafunua ukurasa, akaonyesha: kila pau ya chuma ilipigwa muhuri wa kiwanda, na mnunuzi wa ng'ambo akiuona tu muhuri alijua chuma kimetoka tanuri gani. Baba akapitisha kidole juu ya picha ya muhuri kama anayeusoma kwa ngozi.

Halafu wifi akafunua shajara yao, karatasi iliyokunjwa mara nne, ikafunika meza yote. Mabinti wamo. Kila binti na jina lake, na mumewe, na watoto wake. Wengine hawakuolewa, wamo vilevile. Hata watoto wachanga waliokufa wiki ya kwanza wamo, wasichana kwa wavulana. Wifi mwenyewe yumo chini kabisa, na pembeni yake kwa kalamu mpya limeandikwa jina la mdogo wangu. Kwa hiyo mdogo wangu yumo katika shajara mbili, mimi simo hata katika moja. Niliinuka nikaenda jikoni kukata matikiti ambayo hakuna aliyeyaomba.

Zikaendelea Ijumaa. Baba akawa ananyoa ndevu Ijumaa asubuhi bila kukumbushwa. Akawa anamwekea wifi kipande cha halwa cha pembeni, kile chenye lozi, ambacho kwa miaka kumi na moja kilikuwa changu. Siku moja, nami nafasiri, akamsimulia kisa cha baiskeli yake ya kwanza na jinsi alivyoanguka nayo mbele ya nyumba ya wakwe. Wifi akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi kisa kile nilikuwa nakisikia mara ya kwanza, na nilikifasiri kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Watu wa asli hawa," baba aliniambia walipoondoka. "Mdogo wako kaoa nyumba."

Na mara moja, mbele yangu, alimwita "mwanangu". Neno lile lilikuwa langu.

Hapo ndipo nilipoanza kupunguza. Kidogo kidogo, kama anayetia maji kwenye maziwa. Wifi akisema kasri, mimi nasema nyumba. Akisema mfalme alikuja kulala kwao siku tatu, mimi nasema wakipata wageni. Akieleza maktaba ya bibi yake, nasema bibi alikuwa akipenda kusoma. Baba aliendelea kusikiliza kwa furaha ile ile, jambo lililoniudhi zaidi.

Ikafika Ijumaa ya picha. Katika kurasa za kati kulikuwa na picha ya zamani sana ya ndani ya karakana: moto, nyundo kubwa inayoendeshwa kwa nguvu za maji, na mbele yake mtu mmoja mrefu, uso umejaa masizi. Amevaa shati jeupe la kitani linalofika miguuni. Wifi alieleza kwamba ndivyo walivyovaa wafua chuma wa Kiwaloni, shati refu tu, bila kitu ndani, kwa ajili ya joto.

"Huyu kavaa kanzu!" alisema baba. "Wallahi kanzu hii. Nani huyu?"

Chini ya picha paliandikwa kwamba ni mfanyakazi, na jina lake halijulikani. Niliyasoma maneno hayo kwa macho yangu, na miwani nilikuwa nimevaa.

Sasa lazima nieleze neno moja, kwa sababu bila hilo mtu hataona ubaya wangu ulivyokuwa. Kwetu, kwa watu wa makabila ya Oman, mhunzi ni mtu unayemhitaji kila siku na humpi binti. Hata akiwa tajiri, hata akiwa mcha Mungu. Hili halipo katika dini na kila mtu analijua kwamba halipo, na kila mtu analifuata. Nami nililifuata. Miaka michache nyuma ilikuja posa ya binti yangu kutoka kwa watu wa Wadi Kabir, wenye karakana ya kuchomelea mageti. Kijana amesoma, ana adabu, na binti yangu alikuwa akimtaka. Nikauliza asli yao, nikaambiwa ni wahunzi tangu mababu. Nikasema, hapo hapo sebuleni, mama wa kijana bado anavaa viatu mlangoni, "Mwanangu haendi kwa wahunzi." Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Aliomba maji tu. Binti yangu akaolewa baadaye na mtu wa kabila, anakaa Sohar, ananipigia simu sikukuu.

Basi neno hilo nililijua uzito wake nilipolishika. Nikaweka kidole juu ya uso wa yule mtu wa masizi.

"Huyu ndiye babu yao, baba," nikasema. "Mhunzi. Watu wake wote walikuwa wahunzi, wa kufua kwa mikono. Hayo ya mfalme yalikuja baadaye."

Wifi aliitikia kwa kichwa akitabasamu, akidhani nimefasiri maelezo yake ya shati. Baba aliitazama picha. Akaitazama kwa muda mrefu hata mdogo wangu akageuka upande wa pili kwenye kochi. Kisha akarudisha mgongo kitini, akasema amechoka, angependa kulala kidogo.

Wifi nimempiga, nilijiambia. Wiki ile nilikuwa na furaha mbaya. Niliosha mapazia. Nilipika mkate wa kumimina katikati ya wiki. Baba alikuwa kimya, akikaa sana kibarazani kwenye kijua cha asubuhi, na mimi niliusoma ukimya wake kama nilivyotaka: amevunjika moyo, mkwe wake si kitu, sasa atarudi kwangu. Jumatano nilimuuliza kama wifi aje na kitabu tena au basi.

"Aje," alisema. "Kwa nini asije?"

Ijumaa baba alivaa dishdasha mpya, kanzu yetu ya Oman, na kofia ya kazi ya sindano anayoivaa Idi. Hakula sana. Mdogo wangu alipokwisha kulala, wifi akaweka kitabu mezani, lakini baba akakifunika kwa kiganja.

"Leo kitabu akiweke kando. Mwambie leo nnataka kusema mimi." Kisha akanigeukia. "Iko wapi ile nyundo ya jikoni?"

"Ya kupondea ubani?"

"Hiyo hiyo. Kailete."

Ile nyundo ilikuwapo jikoni kwetu tangu sijazaliwa. Ndogo, kichwa chake kimelika upande mmoja, mpini umeng'aa kwa mikono. Nimepondea ubani nayo maisha yangu yote, nimepigilia misumari ya mapazia, nimevunjia nazi. Niliwahi kununua mpya nikataka kuitupa, baba akanuna siku mbili, nami nikadhani ni ubahili wa uzee. Niliileta nikampa. Akaipakata.

"Mwambie," alisema, "babu yangu alikuwa mhunzi."

Nilimwangalia.

"Mwambie," alisema tena. "Si unafasiri?"

Nikamwambia. Baba akaendelea, sentensi moja moja, akinisubiri kila mara kwa utaratibu kama anayenivusha barabara, na mimi nikaupitisha ukoo wangu mwenyewe kutoka kwake kwenda kwa mwanamke mwingine. Babu yake alikuwa na banda la kufulia chuma Ng'ambo ya Unguja, nyuma ya mji. Mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Akifua majembe, mashoka, na zile pete kubwa za chuma zinazovishwa magurudumu ya gari za ng'ombe, na siku ya kuvisha pete mtaa mzima ulijaa mvuke. Kanzu yake ilikuwa na matundu madogo madogo kifuani kwa cheche. Ukimkumbatia ananuka moshi, hata baada ya kuoga, hata siku ya Idi. Kila jembe lake alilipiga alama, vistari vitatu, na watu wa mashamba walikuwa wakiuliza: lina vistari? Karafuu hakuwa nazo hata shina moja.

"Tulipokuja huku Oman," alisema baba, "watu wakiuliza asli. Kabila letu ni letu kweli, halina wasiwasi. Lakini kazi tukaifukia. Nikasema karafuu, kila mtu akasema karafuu, khalas. Mwambie nimekaa na hili miaka yote, nikidhani nitakufa nalo. Hata nilipomwona babu yake kwenye kitabu, kavaa kanzu yake, masizi usoni, na wamemuweka wazi, wala hawaoni haya. Mwambie ahsante."

Nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa yangu bado, hilo nashukuru.

Baba akanyanyua kidevu kunielekea, bila ukali wowote, kama mtu anayeonyesha kabati.

"Na mwambie huyu binti yangu sikupata kumwambia, ingawa aliuliza sana. Nilijua ataona haya. Alikataa posa ya mwanawe kwa ajili hiyo, nami nimeketi hapa. Mfasirie."

Ningeweza kupunguza. Nilikuwa na uzoefu wa Ijumaa kadhaa. Lakini lile nililifasiri lote, neno kwa neno, hata ile posa. "Baba anasema hakumwambia binti yake, kwa kuwa alijua ataona haya." Nilisema "binti yake" kana kwamba ni mtu aliyetoka kidogo na atarudi. Wifi alinitazama, macho yamejaa, na mkono wake ulikuja mpaka nusu ya meza, ukasimama hapo.

Kisha akamgeukia baba, akasema taratibu kwa Kiingereza ili nisikose kitu. Alisema anaona aibu. Alisema kuna makosa mahali. Yule mtu wa kwenye picha si wa kwao. Ni mfanyakazi, na hakuna aliyejali kuandika jina lake. Watu wake walimiliki tanuri, msitu, vijiji, na hata watu, kwa namna fulani, lakini nyundo hawakuishika. Hakuna mtu katika ile karatasi kubwa aliyewahi kushika nyundo. Alisema babu wa baba anafanana na yule asiye na jina, si na wao. "Mwambie, tafadhali," alisema. "Nataka ajue ukweli."

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Hapo nilikuwa nao ukweli mkononi, ukweli mtupu, na kwa mara ya kwanza ukweli ulikuwa upande wangu. Sentensi moja tu na wifi angetoka katika kile chumba cha moyo wa baba alimoingizwa. Si mhunzi. Si mwenzako. Ni watoto wa tajiri waliokuwa wakipewa shikamoo na watu kama babu yako. Na baba angebaki na nani? Na mimi. Nililipenda wazo hilo, sitadanganya. Nililipenda kwa moyo wote.

Baba alikuwa ananisubiri. Ndevu amenyoa, kofia imekaa sawa, nyundo pajani.

"Anasema ni vivyo hivyo kwao, baba," nikasema. "Anasema amefurahi."

Baba akacheka kidogo, akainyanyua nyundo, akamkabidhi wifi kwa mikono miwili. "Yako, mwanangu," alisema, na hilo halikuhitaji mfasiri. Wifi aliishika vibaya, karibu na kichwa, kama anavyoshika kijiko mtoto anayeanza kula. Alinitazama kuuliza kama amwambie hapana. Nikamwambia kwa Kiingereza aseme ahsante, anajua neno lake. Akalisema.

Siku hizi nyundo iko Bustan, kwenye rafu ya vitabu, pembeni ya kile kitabu. Nimeiona. Wameisafisha, na haijapiga kitu tangu siku ile. Mimi ubani naupondea jiwe la kinu, na vipande vinaruka sakafu nzima. Mwezi uliopita nilimpigia binti yangu simu, si sikukuu, nikataka kumwambia, tukaishia kuzungumza joto la Sohar. Baba bado ananyoa Ijumaa. Juzi, tuko wawili tu, nilimuuliza tena habari za babu yake, kwa Kiswahili, mimi kwake, bila mtu katikati. Akaomba maji. Nikampa. Yote ninayoyajua kuhusu yule mzee ni yale yaliyopita kinywani mwangu yakienda kwa mwingine.